Jitengenezee manukato ya nyumba, lakini kwanza tafuta kinachonuka

Katika nyumba nyingi za mijini, kopo la manukato limekuwa kitu cha lazima kama vile sabuni na kibiriti. Choo kikinuka, kopo linanyunyizwa. Samaki wakikaangwa, kopo linanyunyizwa. Wageni wakibisha hodi huku nepi za mtoto zingali kwenye beseni, ni kopo hilo hilo linalokimbiliwa. Baada ya saa moja harufu mbaya inarudi, na kopo likiisha, pesa nyingine zinatoka mfukoni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyumba inaweza kunukia vizuri kwa kutumia vitu vya bei nafuu vinavyopatikana sokoni au ambavyo tayari vimo jikoni: maganda ya machungwa, karafuu, mchaichai, siki, bikabonati ya soda na hata vipande vichache vya makaa.

Lakini kuna jambo la pili lililo muhimu zaidi. Baadhi ya vitu tunavyotumia kunukisha nyumba vinaweza kumdhuru mtoto mchanga au mtu mwenye pumu. Isitoshe, si kila harufu mbaya ni ya kufunikwa. Nyingine ni onyo, na anayeifunika kwa manukato ni sawa na mtu anayezima kengele ya hatari kwa sababu inampigia kelele.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyafanya yote mawili: kusikiliza pua yako, kisha kuinukisha nyumba bila kuhatarisha afya ya waliomo.

Kunukia si kuwa safi

Kwa karne nyingi watu waliamini kuwa hewa yenye uvundo ndiyo inayoleta magonjwa. Hata jina malaria limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "hewa mbaya". Ilikuwa mwaka 1897 ambapo daktari Mwingereza, Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi nchini India, alipopata vimelea vya malaria ndani ya mbu. Leo kila mtu anajua kuwa malaria huenezwa na mbu, na kwamba kipindupindu hutokana na maji na vyakula vilivyochafuliwa.

Hata hivyo, imani ile ya zamani haijatutoka kabisa. Bado wapo wanaodhani kuwa choo kinachonukia maua ni choo safi. Ukweli ni kwamba manukato hayaui viini vya magonjwa. Choo chaweza kunukia waridi na bado kikawa na viini vya kuhara kwenye kishikio cha mlango. Kinachoondoa viini ni maji, sabuni na dawa ya kuulia viini.

Kuna tatizo jingine. Pua ya binadamu ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, lakini huchoka haraka. Ukikaa penye harufu moja kwa dakika chache, ubongo huacha kuijali. Ndiyo sababu mwenye nyumba anaweza kuishi na uvundo ambao mgeni anausikia mara tu anapofunguliwa mlango. Nyani, kama wasemavyo wahenga, haoni kundule. Ukitaka kujua nyumba yako inanukaje, toka nje kwa muda wa nusu saa, kisha uingie ukinusa. La sivyo, muulize rafiki asiyekuonea haya.

Harufu zisizofaa kufunikwa

Kabla ya kuchanganya manukato yoyote, hakikisha kuwa harufu unayoipiga vita si mojawapo ya hizi:

Harufu ya gesi ya kupikia. Gesi hii kwa asili yake haina harufu. Wanaoiuza huitia kemikali inayonuka vibaya, kama kabeji iliyooza, ili mtu ajue ikivuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutuama chini, karibu na sakafu. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na uwatoe watu nje. Usiwashe kibiriti wala kugusa swichi ya stima, iwe ni kuwasha au kuzima. Na usinyunyize chochote. Makopo mengi ya manukato hutumia gesi zinazoshika moto kwa urahisi, kwa hivyo hata siku ya kawaida hayafai kunyunyizwa karibu na jiko linalowaka.

Harufu ya plastiki inayoungua. Huenda nyaya za umeme zimepata moto ndani ya ukuta au kwenye soketi. Zima swichi kuu na umwite fundi.

Harufu ya mayai yaliyooza bafuni. Wakazi wa nyumba za ghorofa wanaijua vyema, hasa wakati wa mgao wa maji. Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafu la bafu kuna kona ya bomba iliyopinda kama herufi U. Kona hiyo inatakiwa kuwa na maji wakati wote, kwa maana maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya mabomba ya maji taka isipande ndani ya nyumba. Tundu likikaa bila kutumiwa kwa wiki kadhaa, maji hukauka na uvundo hupanda. Tiba yake ni kumwaga lita moja au mbili za maji kwenye tundu hilo. Maji hayo yaweza kuwa yale yale uliyosuuzia nguo. Harufu ikiendelea, bomba limeziba au limepasuka, na hapo mwenye nyumba hana budi kuitwa.

Harufu ya unyevunyevu na ukungu. Hii hutokea sana wakati wa mvua ya masika na katika miezi ya baridi jijini Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, watu wanapofunga madirisha na kuanika nguo ndani. Madoa meusi kwenye ukuta au nyuma ya kabati ni kuvu, na chembechembe zake zinaweza kumwamsha pumu mtu aliye nayo. Manukato hayatasaidia. Sogeza kabati mbali na ukuta, paache upepo upite, sugua madoa kwa maji ya sabuni na upakaushe kabisa. Ikiwa ukuta unavuja, utengenezwe, vinginevyo kuvu itarudi.

Na usisahau kwamba kuna hatari moja ambayo pua haiwezi kukuonya kabisa. Jiko la makaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Wako waliolala na jiko ndani wakitafuta joto na hawakuamka. Makaa yakiwa bado mekundu, jiko likae nje.

Manukato ya kwanza ni dirisha

Hakuna manukato yanayoshinda hewa safi, nayo haiuzwi. Fungua madirisha mawili yanayokabiliana, au dirisha na mlango, ili upepo uingie upande mmoja na kutokea upande mwingine. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinatosha kubadilisha hewa ya nyumba ndogo. Unapopika, fungua dirisha la jikoni kabla mafuta hayajapata moto, wala usingoje mpaka moshi ujae. Unapooga, acha dirisha la bafu wazi hadi kuta zikauke.

Faida yake si harufu pekee. Viini vya kifua kikuu huenezwa kwa hewa, na chumba kisichopitisha hewa huwasaidia kuwafikia wengine. Somo hilo lilirudiwa tena mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Covid-19, watu walipohimizwa kufungua madirisha majumbani na kwenye matatu.

Baada ya hapo, ondoa chanzo. Pipa la taka limwagwe kila siku, lioshwe na likauke kabla ya kurudishwa. Nepi zisilale kwenye beseni. Viatu na soksi za mwanafunzi zianikwe. Godoro la mtoto anayekojoa kitandani litolewe juani. Mbao za kukatia nyama na samaki zisuguliwe kwa chumvi na ndimu. Mara nyingi ukimaliza kazi hii, unakuta kwamba huhitaji tena manukato.

Vitu vinavyomeza harufu

Kuna tofauti kati ya kitu kinachofunika harufu na kitu kinachoiondoa. Manukato hufunika. Vitu vifuatavyo huondoa.

Bikabonati ya soda, ambayo wengi huiita beking soda, hupambana na harufu zenye asili ya asidi, kama vile maziwa yaliyochacha, jasho na miguu. Itie nusu kikombe kwenye kibakuli kilicho wazi na ukiweke ndani ya friji au kabati la viatu. Ibadilishe baada ya mwezi mmoja. Unaweza pia kuinyunyiza kwenye zulia au godoro kavu, uiache kwa saa chache, kisha uifagie. Usiichanganye na beking pauda, ambayo ina vitu vingine ndani yake.

Siki nyeupe hufanya kazi kinyume chake. Hiyo ni asidi, nayo hushinda harufu zenye asili ya magadi, kama vile samaki na mkojo uliokaa. Samaki hunuka kwa sababu ya kemikali inayoruka hewani kwa urahisi. Ikikutana na asidi hugeuka kuwa chumvi isiyoruka. Ndiyo maana akina mama wa Pwani humwosha samaki kwa ndimu tangu jadi. Siki kikombe kimoja ikiachwa wazi jikoni usiku mmoja hupunguza harufu ya samaki. Harufu ya siki yenyewe hutoweka ukifungua dirisha.

Hapa kuna kosa linalofanywa na wengi. Kwa kuwa siki ni nzuri na bikabonati ni nzuri, watu huzichanganya katika chupa moja wakidhani watapata dawa yenye nguvu maradufu. Mchanganyiko hutoa povu jingi la kupendeza, lakini povu hilo ni ishara kwamba hizo mbili zinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia moja, suuza, kisha utumie nyingine ikihitajika. Na kamwe usizifungie pamoja ndani ya chupa, kwani gesi inayotoka inaweza kuipasua.

Makaa yasiyowashwa, yaliyo makavu, yana vitundu vidogo vidogo vingi vinavyonasa unyevu na harufu. Tia vipande vitano au sita kwenye kikapu kidogo au mfuko wa kitambaa, ukiweke kwenye kabati, chini ya sinki au chooni. Kila baada ya wiki mbili yaanike juani kwa siku nzima. Yakichoka, yapeleke jikoni yakapike chai.

Machicha ya kahawa na majani ya chai yaliyokwisha kutumiwa pia husaidia, lakini lazima yaanikwe hadi yakauke kabisa. Yakiwa mabichi yataota kuvu na kuongeza tatizo.

Manukato matano ya kujitengenezea

Nyumba ikiwa safi na kavu, sasa waweza kuinukisha. Njia hizi tano hazihitaji ufundi wowote.

1. Siki ya machungwa. Chukua maganda ya machungwa manne au malimau sita, uyatie kwenye chupa ya mdomo mpana. Mimina siki nyeupe hadi iyafunike, ufunge na uweke mahali penye giza kwa wiki mbili. Chuja, kisha changanya kikombe kimoja cha siki hiyo na kikombe kimoja cha maji katika chupa ya kunyunyizia. Inafaa sana kwa choo, pipa la taka na meza ya jikoni. Usiitumie kwenye sakafu ya terazo au marumaru, kwa sababu asidi hula mawe hayo na kuyafifisha.

2. Maji ya mchaichai. Chemsha konzi moja ya mchaichai uliokatwakatwa, pamoja na matawi mawili ya rosemari ukiwa nayo uani, katika nusu lita ya maji kwa dakika 10. Yakipoa, yachuje vizuri na uyatie kwenye chupa ya kunyunyizia. Yanyunyize hewani na kwenye mapazia. Jaribu kwanza kwenye pembe ya pazia uone kama hayaachi doa. Kwa kuwa hayana dawa ya kuyahifadhi, yaweke kwenye friji na uyamwage baada ya siku nne au tano.

3. Sufuria ya viungo. Tia lita moja ya maji kwenye sufuria, maganda ya chungwa moja, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu kumi na iliki tano zilizopondwa. Chemsha, kisha punguza moto hadi yachemke polepole kwa dakika 20 hadi 30. Harufu huenea nyumba nzima na kukaa kwa saa kadhaa. Usitoke ukaiacha motoni, maana maji yakikauka sufuria itaungua na nyumba itanuka moshi. Na ikiwa nyumba yako tayari ina unyevunyevu, njia hii haikufai kwa sababu inaongeza mvuke.

4. Chungwa la karafuu. Chukua chungwa gumu, litoboe kwa kijiti na uingize karafuu moja katika kila tundu hadi ngozi yote ifunikwe. Liweke mahali pakavu penye upepo kwa wiki mbili au tatu, ukiligeuza kila siku. Likikauka vizuri huwa gumu na jepesi, nalo laweza kutundikwa kabatini kwa miezi mingi. Ukiona limeota kuvu, litupe na uanze upya.

5. Vifuko vya majani makavu. Anika kivulini, mbali na jua kali, asumini, mawaridi, mrehani, mnanaa au rosemari. Yakikauka kiasi cha kuvunjika mkononi, yatie kwenye vifuko vidogo vya kitambaa pamoja na karafuu chache zilizopondwa. Weka katikati ya mashuka na nguo. Harufu ikififia, kifinye kifuko mara kadhaa nayo itarudi.

Wakazi wa Pwani watatabasamu wakisoma haya, kwani kwao si mambo mapya. Kutoka Lamu hadi Vanga, asumini na mrehani vimekuwa vikiwekwa vyumbani na vichwani, na mrashi wa marashi ya waridi hauachi kupitishwa mkononi mwa wageni kwenye harusi.

Udi na ubani

Na ukitaja Pwani, huwezi kuruka chetezo. Ubani ni utomvu wa miti inayoota Oman, Somalia na pia katika maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya. Udi hutoka kwenye mti wa Asia wenye thamani kubwa, ingawa udi unaouzwa kwa bei ya chini mara nyingi ni mchanganyiko wa vitu vingine vyenye manukato.

Hakuna anayewaambia watu waiache mila yao. Lakini moshi ni moshi, hata ukinukia namna gani. Una chembechembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na makaa yaliyomo kwenye chetezo hutoa kaboni monoksaidi kama makaa ya jiko. Vivyo hivyo kwa vijiti vya kuchoma na mishumaa yenye manukato.

Ukipenda kufukiza, fanya hivi: mtoto mchanga na mwenye pumu watoke chumbani kwanza, dirisha liwe wazi, ufukize kwa dakika chache tu, kisha chetezo kitolewe nje. Subiri moshi uishe ndipo uwarudishe. Nguo za mtoto mchanga zisifukizwe, na kamwe chetezo kisiachwe kikiwaka watu wakiwa wamelala.

Vidonge vyeupe vinavyoweza kumdhuru mtoto

Katika yote yaliyosemwa hapa, hili ndilo ambalo mzazi hapaswi kulisahau.

Vile vidonge vyeupe vya mviringo vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo na mende, na ambavyo watu wengine huvitumia kama manukato ya choo, mara nyingi hutengenezwa kwa nafthalini. Hewa yake huingia mwilini kwa kuvuta pumzi na hata kupitia ngozi.

Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa, hupatikana zaidi kwa wavulana, na ni wa kawaida miongoni mwa jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, yakiwemo maeneo ya Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Wengi walio nao hawajijui, kwa sababu wanaishi bila shida yoyote hadi wanapokutana na kitu kinachoamsha tatizo hilo. Nafthalini ni mojawapo ya vitu hivyo.

Hebu fikiria jambo linalofanyika katika nyumba nyingi. Mama ana mimba. Anatoa sandukuni nguo na blanketi za mtoto wa kwanza alizozihifadhi kwa vidonge hivyo, na mtoto mpya anapozaliwa anavishwa na kufunikwa nazo siku hiyo hiyo. Ikiwa mtoto huyo ana upungufu wa G6PD, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuanza kupasuka. Macho na ngozi hugeuka manjano. Manjano yakizidi kwa mtoto mchanga, yanaweza kuharibu ubongo na kumwachia uziwi au ulemavu wa viungo wa maisha, au hata kumwua.

Kwa hivyo, usiweke vidonge hivi mahali zinapokaa nguo za mtoto, wala chumbani anakolala. Nguo zilizokwisha kukaa navyo zifuliwe na kuanikwa juani, na zikiendelea kunuka zisivaliwe na mtoto mchanga. Chungwa la karafuu na vifuko vya majani makavu vitanukisha kabati bila hatari hiyo, na nguo zilizofuliwa, kukaushwa kabisa na kufungwa vizuri haziwavutii wadudu kama zile zenye jasho.

Hatari nyingine ni kwamba vidonge hivi hufanana na peremende. Mtoto akimeza hata kimoja, mpeleke hospitalini mara moja na uende na pakiti yake. Vile vile, mtoto yeyote mwenye macho ya manjano, anayekataa kunyonya, anayelegea au anayekojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, anapaswa kumwona daktari siku hiyo hiyo. Mweleze daktari kama kuna nafthalini nyumbani.

Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nafthalini katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoishi navyo.

Tahadhari za mwisho

Kitu cha asili si lazima kiwe salama. Mafuta ya mkaratusi, karafuu na kafuri yanayouzwa kwenye vichupa vidogo yana nguvu kubwa, na mtoto mdogo akinywa kiasi kidogo tu anaweza kupata kifafa. Yafungiwe juu asipoweza kufika, na yasipakwe puani mwa mtoto.

Usitie dawa yoyote ya nyumbani kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Watoto wengi wameletwa hospitalini baada ya kunywa mafuta ya taa kwa njia hiyo hiyo. Andika jina kwenye chupa. Mtoto akinywa, usimtapishe, bali mkimbize hospitalini.

Usichanganye dawa ya klorini kama Jik na siki, maji ya limau au dawa yenye asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Usiimwage Jik pia penye mkojo mwingi uliokaa kabla ya kupasuuza kwa maji, kwani hapo nako hutoka gesi ya kudhuru.

Ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye pumu, jaribu nukato moja kwa wakati mmoja na kwa kiasi kidogo. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida, liondoe na ufungue madirisha, hata kama limetengenezwa kwa maua ya uani. Kwa mgonjwa kama huyo nyumba iliyo bora ni ile isiyonuka wala kunukia chochote.

Kwa hiyo, mara nyingine uvundo utakapokupokea mlangoni, usikimbilie kopo. Fungua dirisha, fuata pua yako hadi ufike kwenye chanzo, ukiondoe na upakaushe. Kisha toboa chungwa, utie karafuu. Dalili ya mvua ni mawingu, na harufu ya nyumba ni dalili ya kilichomo ndani yake.